Tusimsingizie Mungu, Wala Tusimsingizie Mkulima

Yako maelezo mawili juu ya ukame na mafuriko ya siku hizi ambayo nimeyasikia hadi yamenichosha. Ya kwanza husemwa vijiweni, misikitini, makanisani, na hata katika vyumba vya walimu: kwamba yote haya ni mapenzi ya Mungu, kwamba dunia imekuwa ikibadilika tangu kuumbwa kwake, na kwamba binadamu ni kiumbe mdogo mno kuweza kuivuruga hewa ya dunia nzima. Ya pili husemwa majukwaani na wageni rasmi, aghalabu siku ya kupanda miti: kwamba mvua zimepotea na barafu ya Kilimanjaro inakwisha kwa sababu ya mkulima na panga lake, mama na mzigo wake wa kuni, na mchoma mkaa na tanuri lake.

Maelezo haya yanapingana, lakini matokeo yake ni yale yale. Ya kwanza hayamdai mtu yeyote. Ya pili yanamdai maskini. Katika yote mawili, mdaiwa mkubwa anajiendea zake bila hata kuulizwa jina. Mwenye duka aliye makini hachanganyi madeni. Kila deni huandikwa kwenye jina la aliyekopa. Basi na tulifungue daftari hilo, msomaji, tusome jina kwa jina: lipi ni la maumbile, lipi ni la mataifa yenye viwanda, na lipi ni letu wenyewe.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Hali ya hewa ni ya leo na kesho: leo jua, kesho mawingu. Tabia ya nchi ni mwenendo wa hali hiyo unapopimwa kwa miaka mingi, kwa kawaida miaka 30 au zaidi. Mtoto mpole akigombana siku moja hatusemi amebadilika tabia. Tunasema hivyo pale ugomvi unapokuwa desturi yake. Kadhalika, mvua moja kubwa au kiangazi kimoja kirefu hakithibitishi jambo. Mwenye kutaka kujua sharti atazame miaka mingi na apime, asitegemee kumbukumbu za wazee, nami nikiwa mmojawapo.

Sasa niwape haki yao wale wanaosema kwamba dunia imekuwa ikibadilika siku zote. Wanasema kweli, na kweli yenyewe ni kubwa kuliko wanavyodhani. Ziwa Victoria, ambalo leo tunaliona kama bahari, lilikauka kati ya miaka 17,000 na 15,000 iliyopita. Jangwa la Sahara, miaka kama 8,000 iliyopita, lilikuwa na nyasi, maziwa na viboko. Hapakuwa na kiwanda wala gari. Mwanasayansi wa Serbia, Milutin Milanković, alieleza katika karne iliyopita jinsi njia ya dunia kulizunguka jua inavyobadilika umbo kwa vipindi vya miaka kama 100,000, jinsi mhimili wa dunia unavyoinama na kuinuka kwa vipindi vya miaka kama 41,000, na jinsi unavyoyumba kama pia kwa miaka kama 23,000. Mabadiliko hayo ndiyo yaliyoleta na kuondoa enzi za barafu.

Volkano nazo zimo. Mlima Tambora wa Indonesia ulipolipuka mwaka 1815, vumbi na gesi zake zilizuia mwanga wa jua hata mwaka uliofuata Ulaya na Marekani ya Kaskazini zikakosa kiangazi, mazao yakaharibika na watu wakafa njaa. Pinatubo ya Ufilipino mwaka 1991 ilipunguza joto la dunia kwa karibu nusu nyuzi kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Na sisi wenyewe tunaijua El Niño, ule mwendo wa maji ya joto katika Bahari ya Pasifiki ambao mwaka 1997 na 1998 ulituletea mvua zilizokata barabara na reli, hata jina lake likaingia katika Kiswahili cha kila siku.

Basi mbona nasema tusimsingizie Mungu? Kwa sababu watu wamekuwa wakifa kwa maradhi na uzee tangu zamani, lakini jambo hilo halimwondolei hatia aliyemchoma mwenzake kisu. Hakimu hawezi kusema, "Watu hufa siku zote, kesi imekwisha." Huuliza: huyu amekufa kwa nini? Ndivyo inavyotupasa kuuliza juu ya joto hili la sasa, tukiwapima washitakiwa mmoja mmoja.

Tuanze na jua. Tangu mwaka 1978 nguvu ya jua imekuwa ikipimwa na vyombo vilivyo angani. Hupanda na kushuka kidogo kila miaka 11 hivi, lakini kwa ujumla haijaongezeka, ilhali dunia imezidi kupata joto. Tena kama jua ndilo lingekuwa linatuunguza, tabaka za hewa za chini na za juu zote zingepata joto. Vipimo vinaonyesha kwamba tabaka ya chini inapata joto na ile ya juu inapoa. Huo si mwenendo wa chumba kilichoongezewa moto. Ni mwenendo wa chumba ambacho joto lake limezuiwa lisitoke.

Je, volkano? Hewa ukaa itokayo katika volkano zote za dunia kwa mwaka ni kama asilimia moja tu, au pungufu, ya ile itolewayo na binadamu. Na kama tulivyoona, volkano kubwa hupoza. Je, kuyumba kwa mhimili? Hilo huenda kwa maelfu ya miaka, si kwa umri wa mtu mmoja. Je, El Niño? Hiyo huhamisha joto kutoka baharini kwenda hewani, kisha huondoka. Haiwezi kupandisha joto la dunia kwa karne nzima, kama vile kuhamisha fedha kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia hakumtajirishi mtu.

Anabaki mshitakiwa mmoja, naye ushahidi wake uko wazi. Jua hupasha ardhi joto, na ardhi hulirudisha joto hilo angani. Hewa ukaa hulikamata sehemu yake, kama blanketi linavyokamata joto la mwili wa aliyelala. Jambo hili halikuzuliwa jana. Mwanasayansi wa Ireland, John Tyndall, alilipima katika maabara yake mwaka 1859, na Svante Arrhenius wa Sweden alipiga hesabu mwaka 1896 kuonyesha kwamba hewa ukaa ikiongezeka maradufu dunia itapata joto. Blanketi lenyewe si baya. Bila gesi hizo wastani wa joto la dunia ungekuwa karibu nyuzi 18 chini ya sifuri, na hakuna kati yetu ambaye angekuwapo kulalamika. Ubaya ni kuendelea kumrundikia mablanketi mtu ambaye hana baridi.

Na tumemrundikia. Kabla ya viwanda, kila sehemu milioni moja za hewa zilikuwa na sehemu kama 280 za hewa ukaa. Charles David Keeling alipoanza kupima katika mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, zilikuwa kama 315. Leo zimepita 420. Mapovu ya hewa ya kale yaliyonaswa katika barafu ya ncha ya kusini yanaonyesha kwamba kwa miaka 800,000 kiasi hicho hakikuwahi kufika hata 310. Tena kaboni ya makaa ya mawe na mafuta ina alama yake: imekaa ardhini muda mrefu hata ile kaboni ya aina ya 14, ambayo huoza polepole, imekwisha kabisa ndani yake. Alama hiyo imeonekana hewani. Mwizi ameacha nyayo.

Jopo la wanasayansi la Umoja wa Mataifa lililoundwa mwaka 1988 lilisema kwa tahadhari mwaka 1995 kwamba mkono wa binadamu unaonekana. Mwaka 2021 lilisema kwamba jambo hilo halina shaka tena. Na mwaka 2024 ulikuwa wa kwanza ambao wastani wa joto la dunia ulizidi ule wa miaka ya 1850 hadi 1900 kwa zaidi ya nyuzi 1.5 za sentigredi. Kwa hiyo ndugu zangu wa imani, nawaheshimu, lakini nasema hivi: Mungu aliumba maumbile na kuyawekea sheria, na moja ya sheria hizo ni kwamba hewa ukaa hukamata joto. Tukiijua sheria, tukaivunja, kisha tukamtupia lawama aliyeiweka, huo si ucha Mungu.

Sasa nani ameichoma hiyo kaboni? Hapa ndipo wageni rasmi wanaponiudhi. Nimewahi kuketi katika mkutano wa kupanda miti ambapo mgeni rasmi, aliyekuja na msafara mrefu wa magari, aliwaambia akina mama waliotembea kwa miguu kwamba kuni zao ndizo zinazoyeyusha barafu ya mlima. Akina mama wale waliinamisha vichwa. Wanafunzi walikuwapo, wakasikia, na bila shaka wakaandika hivyo kwenye mtihani.

Hebu tuweke tarakimu mezani. Afrika ina karibu watu 18 katika kila 100 wa dunia hii, lakini hewa ukaa inayotokana na kuchoma mafuta, gesi na makaa ya mawe barani humu haifiki asilimia 5 ya ile ya dunia. Mmarekani mmoja, kwa wastani, hutoa kama tani 14 kwa mwaka. Mtanzania hafiki hata nusu tani. Marekani peke yake imetoa karibu robo ya yote iliyotolewa tangu viwanda vianze, na hewa hiyo haiondoki upesi. Sehemu yake kubwa ya miaka ya babu zetu bado iko juu ya vichwa vyetu. China nayo isijifiche nyuma yetu sisi maskini, maana leo inatoa karibu theluthi moja ya ile ya kila mwaka.

Si mimi niliyesema wajibu haulingani. Mkataba uliotiwa saini Rio de Janeiro mwaka 1992, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1996, unasema wajibu ni wa wote lakini umetofautiana kulingana na uwezo na hali ya kila nchi. Mwaka 2009 mataifa tajiri yaliahidi dola bilioni 100 kila mwaka kwa nchi maskini ifikapo 2020. Ahadi ilitimia mwaka 2022, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa mikopo. Msomaji, jirani akikuchomea nyumba, kisha akaja kukukopesha bati kwa riba, utamwitaje? Ndiyo maana nasema kumsingizia mkulima si kosa dogo la kujieleza. Mtoto aliyefundishwa kwamba mama yake ndiye aliyeharibu hewa ya dunia hatakua kuwa mtu wa kuketi katika mikutano hiyo na kudai haki. Atakwenda kuomba msaada.

Lakini ningekuwa mwalimu wa hovyo kama ningeishia hapo, nikawaacha wananchi wenzangu wakipiga makofi. Deni la tatu lipo na ni letu. Takwimu za serikali zimetaja upotevu wa misitu unaozidi hekta laki nne kwa mwaka nchini. Panga halikuleta joto la dunia kwa kiasi kinachosemwa, lakini panga linakausha chemchemi, linaondoa kivuli, linaacha udongo uende na maji. Haya ni madhara ya hapa hapa, wala hayangoji mkutano wa kimataifa. Na tuseme kweli kuhusu mkaa: yule anayeuchoma porini anaufuata mlango wa mnunuzi, na mnunuzi yuko mjini. Gunia lile huenda Dar es Salaam, likapikie hata ugali wa yule aliyekuja kutuhutubia. Mwaka 1980 tuliimbishwa kampeni ya Misitu ni Mali. Mwaka 2024 umezinduliwa mkakati wa nishati safi ya kupikia unaotaka kuwafikia Watanzania 80 katika kila 100 ifikapo 2034. Kampeni ni njema. Ila mama haachi kuni kwa hotuba. Huziacha siku mtungi wa gesi unapokuwa na bei anayoimudu.

Nitoe mfano mmoja ambao ndani yake madeni yote matatu yamo: Kilimanjaro. Wote huutaja mlima huu, na wengi huutaja vibaya.

Mjerumani Johannes Rebmann alipouona mwaka 1848 na kuandika kwamba una theluji, mtaalamu mmoja wa jiografia wa London, William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga huku, alikataa kata kata kwamba theluji inaweza kuwa karibu na ikweta. Ubishi wa aliye mbali dhidi ya aliyeona kwa macho haukuanza leo. Barafu ile ilipopimwa mwaka 1912 ilikuwa na eneo la kilomita za mraba 12 hivi. Mwaka 2007 ilikuwa imebaki chini ya 2. Sasa ni kama moja tu, na Umoja wa Mataifa umetabiri kwamba itakuwa imekwisha ifikapo mwaka 2050.

Nani aliyeila? Wachunguzi wanasema barafu ilianza kupungua kabla ya mwaka 1900, Afrika Mashariki ilipoingia katika kipindi kikavu na maziwa yetu yakapungua kina. Hans Meyer, aliyefika kileleni mwaka 1889, aliporudi mwaka 1898 alikuta tayari imerudi nyuma. Kule juu hewa ni baridi chini ya sifuri, na sehemu ya barafu huliwa na jua na ukavu, ikageuka mvuke bila kupitia maji. Kwa hiyo mwanzo wa jambo hili una mkono wa maumbile, na asiyekubali hilo anawapa wapinzani fimbo ya kumchapia. Lakini Lonnie Thompson na wenzake, waliotoboa barafu ile mwaka 2000, walikadiria kwamba ya chini kabisa ina zaidi ya miaka 11,000, na wakakuta humo vumbi la ukame mkali wa miaka kama 4,000 iliyopita. Kwa hesabu yao, barafu iliyovumilia ukame ule haivumilii karne yetu. Wataalamu wanaendelea kujadiliana juu ya kiasi cha ukavu na kiasi cha joto. Hakuna hata mmoja wao anayetaja mzigo wa kuni wa mama wa Marangu.

Na maji je? Watu hudhani mito ya Kilimanjaro hutoka kwenye barafu. La hasha. Sehemu ndogo sana hutoka huko. Maji yanayojaza mifongo ya Wachagga, yanayonywesha migomba ya vihamba na kwenda hadi mto Pangani hutoka msituni, ambako mvua hunyesha na ukungu hunasa kwenye majani na ndevu za miti. Mtafiti Andreas Hemp ameonyesha jinsi moto ulivyoshusha mpaka wa juu wa msitu huo, na jinsi upotevu wa ukungu ulivyo hasara kubwa kwa maji kuliko upotevu wa barafu. Ukame unaozidi huufanya moto uenee, lakini mara nyingi mkono unaouwasha ni wa mtu: mrina asali, mwindaji, mpishi wa msafara. Mwezi Oktoba 2020 mlima uliwaka kwa siku nyingi, na Oktoba 2022 ukawaka tena. Hapo usinitajie Marekani. Hapo ni sisi.

Mnaona basi jinsi kuchanganya madeni kunavyodhuru. Aliyeambiwa kwamba kuni ndizo zinazoyeyusha barafu hufikiri barafu ikiisha maji nayo yameisha, hakuna la kufanya. Aliyeambiwa ukweli hujua kwamba barafu imeshatoka mikononi mwake, lakini msitu haujatoka.

Kuna kundi jingine, nalo nisilisahau. Hawa wamejifunza neno hili juzi na wamelipenda mno. Mtaro umeziba, ni mabadiliko ya tabia ya nchi. Umeme umekatika, ni mabadiliko ya tabia ya nchi. Watu walijenga Jangwani, bonde la mto Msimbazi, kwa miaka na miaka mbele ya macho ya wakubwa. Mafuriko ya Desemba 2011 yalipowazoa, ndipo walionusurika wakapelekewa viwanja Mabwepande. Mvua kubwa haigawi viwanja mabondeni. Tarehe 3 Desemba 2023, mlima Hanang ulipomeguka na tope likaingia mji wa Katesh, watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Wako waliosema volkano imefufuka. Wataalamu wa serikali wakaeleza kwamba sehemu ya mlima ilinyonya maji ya mvua hadi ikakatika. Mwaka huo ulikuwa wa El Niño, katika dunia yenye joto ambayo hewa yake hubeba mvuke mwingi zaidi. Maumbile yamo, viwanda vimo. Lakini swali la nani atawaonya wanaolala chini ya mlima kabla mvua haijafika halijibiwi na El Niño wala na Marekani. Linajibiwa na ofisi zetu.

Naomba basi mambo matatu. Walimu wafundishe sababu za maumbile kwa ukamilifu, bila kuogopa kwamba zitawapotosha watoto. Kinachopotosha ni nusu ya somo. Viongozi waache kuwatwisha maskini lawama za dunia nzima, na wawatake tu kile kilicho mikononi mwao: moto, chemchemi, mteremko, mti. Na wale wanaotuwakilisha huko nje wasiende kama waombaji. Waende na daftari, wasome tarakimu, wadai, na wadaiwe pia kwa kila mtaro ulioziba nyumbani.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Lakini halilipwi deni ambalo limeandikwa kwenye jina la mtu mwingine.